Je, wajua kwa nini dude la sinema likipakwa rangi moja tu linakosa uhai?

Hapa Goma kuna vijana wengi wanaopenda midude ya sinema, yale mazimwi ya kutisha ya filamu, na wengine wanataka kujijengea moja la kusimama mu saloni, urefu wa mtu ao kupita, na swali linarudi kila mara: umbo limetoka vizuri, meno iko, makucha iko, lakini likipakwa rangi linakuwa sawa ndoo ya plastiki, juu ya nini? Sababu ni mwanga.

Ngozi ya mnyama haizuii mwanga wote pale juu. Sehemu inaingia ndani, inagongagonga mu nyama na damu, kisha inatoka na rangi ya huko ndani. Weka torchi ya simu nyuma ya kidole usiku, utaona ule wekundu. Sasa rangi nzito ya ukuta inafunga kabisa, mwanga unagonga pa juu na kurudi palepale, kila upande sawa, jicho linajua mara moja kwamba hiki kitu hakina kitu ndani.

Kwa hiyo mafundi wa midude wanapaka rangi nyepesi nyingi, moja juu ya ingine, na kila moja inaacha ile ya chini ionekane kidogo. Wanaanza na giza kwenye mikunjo yote, kisha wanagusagusa na sponji rangi mbili ao tatu bila kufunika kila pahali, kisha wanachovya mswaki wa meno mu rangi ya majimaji na kuurusha kwa kidole ili madoa yaanguke yenyewe, juu mkono wa mtu ukichora madoa unayapanga tu hata kama hautaki, na ngozi ya kweli haijipangi hivyo. Halafu kunapita rangi chafu ya maji mengi, unapaka unapangusa, inabaki kwenye mashimo tu. Mwisho ni brashi karibu kavu inayogusa ncha za magamba. Hata dude la kijani linataka wekundu chini yake, kwenye midomo, kwenye kope, pale ngozi ni nyembamba. Mimi naona hapo ndipo kazi yote iko, na ndipo watu wengi wanaharakisha.

Kama hauamini nenda sokoni uangalie tilapia kwa karibu: mgongo una giza, tumbo limefifia, na katikati hakuna mstari unaosema hapa rangi imebadilika. Wanyama wengi wako hivyo.

Dude jeusi nalo? Lile la filamu Alien ya 1979, alilolibuni Mswisi H. R. Giger na ambalo alilivaa Bolaji Badejo, kijana wa Nigeria mwenye urefu wa kupita mita 2, lina giza karibu kote. Pale uhai unatoka kwenye mng'ao, walilipaka jeli ya utelezi ili mwanga uvunjikevunjike juu yake. Nyumbani unapata hiyo kwa verni: ya kung'aa kwenye macho, fizi na ulimi, isiyong'aa kwenye ngozi. Ukiweka ya kung'aa mwili mzima tunarudi kwenye plastiki.

Mwili wenyewe, wengi wanajenga na frigoliti, ile nyeupe inayokuja mu kartoni ya televisheni, na wana sababu nzuri. Umbo la mtu wa mita 2 likijazwa simenti linaweza kupita kilo 180, lakini frigoliti ni hewa kama 98%, kwa hiyo umbo lilelile halifiki hata kilo 3, na nyumba ya mbao inalibeba bila shida. Ila usimwagie rezini ya poliesta, ile ya mashua na bodi za gari, wala rangi ya kopo ya kupuliza moja kwa moja. Rezini hiyo ina stirini ndani, kemikali ya majimaji, na frigoliti imetengenezwa na stirini hiyohiyo, basi inayeyuka mbele ya macho yako. Vika kwanza vipande vya karatasi na kole nyeupe ya maseremala, mara tatu ao nne, acha kila mara ikauke kabisa, kisha msasa, kisha ndio rangi. Rezini ya epoksi haina hiyo shida, lakini bei yake ni ingine.

Pima mlango kabla ya kuunganisha mabega. Na likisimama, mwanga uutoe upande mmoja, chini kidogo, juu taa ya katikati ya plafo inafuta vivuli vyote ulivyovitafuta na sponji. Jua la dirisha usiliruhusu, linageuza verni ya bei ndogo njano. Vumbi jeusi la huku kwetu utalitoa na brashi laini kavu. Kitambaa chenye maji kinalisugua tu ndani ya rangi.