Wimbi la dhoruba: bahari inapopandishwa nchi kavu na kimbunga

Wimbi la dhoruba ni kupanda kwa usawa wa bahari kupita kiwango ambacho maji yangefikia kwa kujaa kwake kwa kawaida, na chanzo chake ni kimbunga kinachokaribia pwani. Haliji mara moja, likavunjika ufuoni na kurudi. Bahari yote ya mahali hapo huinuka kwa saa kadhaa, ikavuka fukwe, ikaingia mitaani na kuendelea bara kwa kilomita nyingi pale ambapo ardhi ni tambarare, huku mawimbi ya kawaida yakiendelea kupiga juu yake. Watu wengi wakitajiwa kimbunga huwaza mapaa yaliyong'olewa na miti iliyoanguka, lakini kwa wanaoishi ukingoni mwa bahari muuaji mkubwa amekuwa maji. Uchunguzi wa vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na vimbunga vya Atlantiki nchini Marekani kati ya 1963 na 2012 ulionyesha kwamba karibu nusu ya vifo hivyo vilitokana na wimbi la dhoruba, ilhali sehemu ya upepo haikuzidi moja ya kumi.

Hata hivyo, ni upepo huohuo unaoyaleta maji hayo. Katikati ya kimbunga mgandamizo wa hewa huwa mdogo sana, na kwa kila hektopaskali 1 (kipimo cha mgandamizo huo) inayopungua bahari hupanda kwa takribani sentimita 1. Kwa hiyo hata kimbunga kikali mno hakiwezi kuinua maji kwa njia hii kwa zaidi ya mita moja hivi. Kiasi kikubwa hutokana na upepo unaoyasukuma maji kuelekea pwani bila kukoma. Kwenye kina kirefu maji yanayosukumwa juu hupata nafasi ya kurudi kwa chini, lakini yakifika mahali ambapo sakafu ya bahari imeinuka taratibu na kina kimekuwa kifupi, njia ya kurudi huziba, nayo hujirundika na kupanda. Ghuba yenye mdomo mpana na ncha nyembamba huyabana zaidi. Kaskazini mwa ikweta upande wa kulia wa njia ya kimbunga ndio unaosukuma maji nchi kavu, na kusini mwa ikweta ni upande wa kushoto. Tena saa ya kufika ina uzito wake: kimbunga kilekile kinachoingia wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, hufurika mbali kuliko kinachoingia maji yakiwa yamekupwa.

Mji wa Galveston, katika jimbo la Texas, unaonyesha maana ya maelezo hayo kwa wakazi wa pwani. Mwaka 1900 ulikuwa mji wa bandari wenye ustawi, uliojengwa juu ya kisiwa cha mchanga ambacho sehemu yake ya juu kabisa haikufika mita 3 kutoka usawa wa bahari. Tarehe 8 Septemba mwaka huo maji yalipanda kwa takribani mita 4.6. Kisiwa kizima kikafunikwa. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito unaozidi tani 1, na nyumba za mbao zilizo karibu na ufuo zilipovunjika, mabaki yake yalisukumwa na maji yakawa ukuta unaobomoa safu ya nyumba zinazofuata, kisha safu nyingine tena. Watu wasiopungua 6,000 walikufa, na makadirio mengi hutaja 8,000. Hakuna janga la asili lililoua watu wengi zaidi katika historia ya Marekani. Walionusurika walijenga ukuta wa bahari wenye kimo cha mita 5 hivi, kisha wakafanya jambo ambalo hadi leo linastahili kuenziwa: waliinua zaidi ya majengo 2,000 kwa jeki, makanisa yakiwemo, na kujaza mchanga uliochotwa baharini chini yake ili mji wenyewe upande juu.

Jambo linalowaponza watu mara nyingi ni kupima hatari ya maji kwa nguvu ya upepo. Kipimo cha Saffir-Simpson, chenye daraja la 1 hadi la 5, hupima kasi ya upepo peke yake. Mwaka 1969 kimbunga Camille kiliipiga pwani ya Mississippi kikiwa cha daraja la 5, na wimbi lake likafika mita 7.5 huko Pass Christian. Wapo waliookoka siku hiyo, au ambao nyumba zao zilibaki zimesimama, waliokataa kuondoka kimbunga Katrina kilipokuja Agosti 2005, kwa kuwa mahali maji ya Camille hayakufika waliona patakuwa salama daima. Katrina ilitua ikiwa ya daraja la 3 tu, lakini ilikuwa pana mno kuliko Camille, na siku moja kabla ilikuwa ya daraja la 5 katika Ghuba ya Mexico, ikiwa imekwisha kuyarundika maji juu ya sakafu ya bahari yenye kina kifupi. Pass Christian maji yalipanda mita 8.5. Daraja la kuvukia ghuba ya Biloxi na lile la Bay St. Louis yalivunjwa, vipande vyake vya zege vikainuliwa kutoka kwenye nguzo. Huko New Orleans, katika jimbo la Louisiana, matuta na kuta za kuzuia maji zilibomoka mahali pengi, na takribani asilimia 80 ya mji ikafurika. Karibu nusu ya waliokufa katika jimbo hilo walikuwa na umri wa miaka 75 au zaidi. Takwimu hiyo inaumiza, kwa maana hao ni wazee ambao wengi wao hawakuwa na uwezo wa kuondoka wenyewe.

Madhara hayaishi maji yanapokupwa. Chumvi hubaki visimani na mashambani, boti na magati huwa yamevunjika, na mvuvi hukosa chombo wakati uleule anaopaswa kujenga nyumba upya.

Pwani ya Tanzania na Kenya huguswa na vimbunga kwa nadra kwa sababu ya ukaribu wake na ikweta, ingawa Hidaya ilifika Mafia mwezi Mei 2024. Hatari kubwa zaidi iko Msumbiji. Mji wa Beira, uliopigwa na kimbunga Idai Machi 2019, umejengwa kwenye ardhi ya chini, mbele ya bahari pana yenye kina kifupi, yaani hali ileile inayoikuza hatari Louisiana.

Tangu 2017 kituo cha vimbunga cha Marekani hutoa tahadhari ya wimbi la dhoruba peke yake, mbali na ile ya upepo, pamoja na ramani zinazoonyesha maji yanaweza kufika kimo gani juu ya ardhi katika kila eneo. Mkazi anayeangalia ramani hiyo anajua kama maji yatamfika magotini au yatapita dari la nyumba yake.