Mshipa umekatika. Upi?

Wiki hii nimeisikia tena: "Mshipa ulikatika, lakini walishaushona." Aliyesema ni fundi wa vioo. Miezi minne iliyopita kioo cha dirisha kilimteleza kikamchana kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja. Damu ilikoma, nyuzi zikatolewa, kovu limekauka vizuri. Ila gumba, kidole cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, na sufuria ya chai imeshamuunguza mara mbili bila kujua mpaka alipoona malengelenge. Kilichoshonwa ni mshipa wa damu. Neva iliachwa vipande viwili. Na hakuna aliyemdanganya, maana kwa Kiswahili chetu vyote viwili ni mshipa.

Neva ni uzi unaopeleka amri ya ubongo kwenye misuli na kurudisha habari za mguso, joto na maumivu. Jeraha la neva ya mkono ni uzi huo kubanwa, kuvutwa au kukatwa, popote kuanzia shingoni hadi kidoleni. Basi, maana ni hiyo.

Kazi iko kwenye neno. Damu inapita kwenye mshipa. Msuli ukikakamaa usiku, mshipa umekaza. Kano, ile kamba inayoshika msuli kwenye mfupa, ikikatwa na panga, ni mshipa. Mzee akiambiwa "ana mshipa", watu wanainamisha macho kwa sababu wanajua ni ngiri au busha. Na bado kuna yule asiye na mshipa wa aibu.

Tusijilaumu sana, wengine nao walipita humo humo. "Neva" imetufikia kwa Kiingereza kutoka Kilatini, na kwa Warumi wa kale nervus ilikuwa pia kano, hata upote wa upinde. Neuron ya Kigiriki ni hivyo hivyo, na asab ya Kiarabu nayo hubeba kano na neva pamoja. Herophilus wa Aleksandria, karne ya 3 kabla ya Kristo, ndiye anayehesabiwa miongoni mwa wa kwanza kuzitenga, naye alifanya hivyo kwa kupasua maiti. Kwetu wengine wakasema "mshipa wa fahamu" ili kutofautisha. Nia njema, ila mgonjwa mmoja aliyeambiwa mshipa wake wa fahamu umekatika aliniuliza kwa sauti ya chini kama atarukwa na akili. Mimi nasema neva.

Kinachoniudhi hasa ni kano na neva kuwekwa kapu moja. Kano ni kamba: ikikatika, kidole hakikunji lakini kinasikia. Neva ikikatika kifundoni, kidole kinakunja vizuri tu, kwa kuwa misuli mirefu inayokikunja iko juu kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo, na inapokea neva yake kabla ya hapo palipokatwa. Ndiyo maana ile amri ya kila mtu, "hebu kunja ngumi", haituambii kitu. Fundi wangu anakunja ngumi safi kabisa. Mlaze mkono chali mezani umwambie asimamishe gumba lielekee dari: linalala ubavuni. Nyama ya shina la gumba imenywea, na noti akizihesabu anazitazama moja moja.

Kinyume chake ni yule aliyelala usiku kucha kwapa likiwa juu ya mgongo wa kiti, akaamka kiganja kinaning'inia. Mtaani wanasema kiharusi. Uso na mguu wake havina shida yoyote. Kikunje kiganja chake chini taratibu: vidole vitajinyoosha vyenyewe. Kamba ni nzima, neva iitwayo radiali ndiyo iliyobanwa kwenye mfupa wa mkono juu ya kiwiko.

Neva za kuzingatia mkononi ni tatu: radiali, ya kati (ndiyo iliyokatika kwa fundi) na alna. Ya alna unaijua tayari, ndiyo ile inayokupiga shoti hadi kidole cha mwisho ukigonga kiwiko. Mtoto aliyedondoka mwembeni akavunjika juu ya kiwiko hana subira ya maswali, kwa hiyo mwambie aonyeshe dole gumba juu (radiali), afanye duara kwa gumba na shahada (ya kati), kisha apishanishe shahada na cha kati (alna). Halafu gusa: ncha ya shahada kwa neva ya kati, ncha ya kidole cha mwisho kwa alna, mgongo wa kiganja katikati ya gumba na shahada kwa radiali. Asiyeweza kujibu, mwache mkono kwenye maji ya vuguvugu nusu saa. Kidole kisicho na neva hakijikunyati. Ngozi yake pia haitoi jasho, kalamu ya plastiki inateleza juu yake kama juu ya kioo.

Yote haya yafanyike kabla ya sindano. Hapa lugha inatucheza tena, kwani ganzi ni ugonjwa na ganzi ni dawa, na ukishachoma ya pili huwezi tena kuitafuta ya kwanza.

Fundi amepewa rufaa ya kwenda kuunganishwa. Neva iliyounganishwa huota kama milimita 1 kwa siku, na kutoka kifundoni hadi ncha ya kidole ni kama sentimita 18, kwa hiyo nimemwambia ahesabu nusu mwaka, si wiki mbili za kutoa nyuzi.

Mama wa mtoto wa mwembeni naye aliingia akisema mshipa umekatika. Sikumkatiza. Alipomaliza nikamuuliza, "Mama, kidole gani hakisikii?"