Jeni sio jini: maswali ya degedege na kifafa

Nipo kliniki ya watoto, na kila nikitamka jeni kuna mama anashtuka anadhani nimesema jini. Basi tuanzie hapo.

Jeni ni nini?
Ni maelekezo yaliyomo ndani ya seli, mwili unayafuata kujijenga, nusu umepewa na mama nusu na baba. Jeni zimepangwa kwenye kromosomu, yaani vijinyuzi vya ndani ya seli, jozi 23. Maelekezo yakikosewa hata herufi moja tunaita mutesheni. Ndo hivyo tu, hakuna mashetani hapo.

Jibu la kipimo limeandikwa SCN1A, ndo nini?
Jina la jeni, iko kwenye kromosomu ya 2. Inatengeneza kimlango cha kupitishia sodiamu, hiyo hiyo ya kwenye chumvi, kwenye seli za neva, na umeme wa ubongo unakitegemea. Kikiharibika breki za ubongo zinalegea, mtoto anaanza degedege, mara nyingi hata mwaka hajamaliza, na homa ndo inaichokoza. Wengi wao mutesheni ni mpya kabisa, haijatoka kwa mama wala baba, kwa hiyo mawifi na mama mkwe naomba mumwache huyo binti apumue.

Mtoto ana homa na amekakamaa, nianzie wapi?
Hospitali.

Bibi yake anasema akichomwa sindano kwenye degedege anakufa.
Hospitali. Sindano ndo inayoizima hiyo degedege. Mnamfukiza kinyesi cha tembo, mnamwogesha mkojo, mnamleta siku ya tatu malaria imeshapanda kichwani, anachomwa sindano anafariki, alafu anayelaumiwa ni nesi! Huku kwetu homa na degedege tunapima malaria na sukari kwanza, habari za jeni baadaye.

Si tupitie kwa mganga mara moja tu, ni njiani?
Hapana. Hospitali. Ikipita dakika 5 hiyo ni dharura, bodaboda, bajaji, chochote kilichopo. Mlaze ubavu na kijiko kirudi jikoni, mdomoni usiweke kitu.

Kama ni jeni si haina dawa?
Jeni yenyewe hatuibadilishi, degedege tunaipunguza kwa dawa. Ila wenye SCN1A iliyoharibika, kabamazepini, dawa mojawapo ya kifafa, inaweza kuwazidishia, ndo maana nagombana na wanaoazima dawa ya kifafa kwa jirani. Na usiziache ghafla eti mwezi huu hajaanguka, hajaanguka kwa sababu anazimeza.