Je, mchukuzi wa soko la Kongowea hajali meno yake?

Mombasa wengi huamini kwamba wachukuzi, madereva wa tuktuk na mama mboga huchelewa kumwona daktari wa meno kwa kutojali, na kwamba wa ofisini ni waangalifu zaidi.

Tuanze na jino lenyewe. Tundu linapoanza kwenye tabaka la juu haliumi, kwa kuwa hapo hamna neva. Maumivu huja uozo ukishazama ndani. Anayeweza kwenda kabla ya kuumwa ni mwenye nafasi, na nafasi hailingani. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 humpa mwajiriwa likizo ya ugonjwa yenye malipo baada ya miezi 2 mfululizo kazini. Mchukuzi wa kutwa akikosa gunia, amekosa unga. Basi huvumilia, akitafuna karafuu, hadi jino ling'olewe. Naona ni uchungu mkubwa, maana pengine lingezibwa.

Ukitaka kuhakikisha, uliza kliniki mbili bei ya kuziba na ya kung'oa, kisha ulinganishe na ujira wa siku wa jirani yako. Mwenye bima naye asome masharti: meno mara nyingi huwa na kikomo chake.