Mbeleko: tazama kidevu kabla ya fundo

Anayejifunza kubeba mtoto kwa mbeleko huhangaikia fundo: analikaza, analivuta, analijaribu tena. Sawa, mtoto asianguke. Lakini kwa aliye chini ya miezi minne, cha kuogopa zaidi ni pumzi. Haya ndiyo yanayosemwa na watu kuhusu mbeleko, kila moja na jibu lake.

"Akitulia kimya, ujue yuko salama."

Si lazima. Njia ya hewa ya mtoto mchanga ni nyembamba na laini, na shingo yake haina nguvu ya kuinua kichwa. Kidevu kikilalia kifua, njia hiyo hujikunja kama mrija wa soda uliopindwa. Pua ikizama kwenye nguo au titi la mama, mambo ni yale yale. Wala hapigi kelele, maana kulia kwenyewe kunahitaji hewa. Mwaka 2010 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mbeleko za begani kwa sababu hiyo hiyo, ikitaja watoto wa chini ya miezi minne, njiti, waliozaliwa na uzito mdogo na wenye mafua.

Vidole viwili vipite kati ya kidevu na kifua chake. Uso uuone bila kufunua nguo, na ukiinamisha kichwa umbusu utosini. Ukishindwa kumbusu, umemfunga chini mno.

"Mchanga hulazwa ndani ya kanga kama kwenye bembea."

Hapo ndipo anapojikunja kama ndizi, kidevu kikashuka. Mweke wima, kifua kwa kifua, kitambaa kimbane mgongo wote. Ukimnyonyesha humo, akimaliza mrudishe wima.

"Akitoka arobaini, mgongoni."

Siku arobaini hazikazi shingo. Subiri aweze kushika kichwa mwenyewe, kwa kawaida miezi mitatu hadi minne, kwa kuwa mgongoni humwoni.

Ukifika wakati huo, mara za kwanza simama kando ya kitanda, mtu wa pili akiwa nyuma yako. Inama mpaka mgongo ulale kama meza. Mpandishe mtoto juu, miguu ikukumbatie kiunoni, kisha tandaza kitambaa juu yake, ukingo wa juu ukifika makwapani mwake. Pitisha ncha chini ya makwapa yako, vuta ukingo wa juu kwanza, funga mara mbili juu ya matiti. Kisha ingiza kitambaa chini ya makalio yake hadi nyuma ya magoti yote mawili, kaza ncha za chini, ndipo usimame. Wengi huanza kukaza chini. Juu kunabaki kulegea, na siku mama akiinama kuokota kitu, mtoto anachomokea juu.

Kanga ina urefu wa kama sentimita 150. Kwa mama mwenye mwili mkubwa zinabaki ncha fupi, na fundo la ncha fupi hufunguka. Achia walau shubiri moja kila upande, la sivyo tumia kitenge cha yadi mbili. Kitenge kipya kifue kwanza: wanga wake hufanya fundo lisishike. Cha poliesta kinateleza hata kikifuliwa.

"Mbeleko inaleta matege."

Watoto huzaliwa miguu ikiwa imepinda kidogo, nayo hunyooka kufikia miaka miwili hivi. Matege yanayobaki mara nyingi hutokana na upungufu wa vitamini D au kalsiamu, na sehemu za Arusha na Kilimanjaro, madini ya floraidi kwenye maji. Magoti yakiwa juu kidogo kuliko makalio, nyonga hukaa vizuri kwenye tundu lake. Kinachoidhuru ni kuinyoosha miguu na kuibana pamoja.

"Akizoea kubebwa atadeka."

Utafiti uliochapishwa 1986 huko Montreal, Kanada, ulionyesha kwamba watoto waliobebwa zaidi kila siku walilia kwa muda mfupi zaidi, kwa asilimia 43, walipofikia wiki sita.

"Mfunike uso, kuna vumbi na macho ya watu."

Usimfunike. Vumbi likizidi, geuka upande. Jua likizidi, chukua mwavuli. Gusa kisogo chake: kikiwa na jasho, mvue nguo moja, maana kitenge nacho ni nguo. Na kwenye bodaboda au mbele ya jiko lenye mafuta ya moto, mbeleko haimkingi na chochote.