Otopailoti imeshika? Nionyeshe

Nawafundisha marubani wa ndege za abiria kwenye simuleta, na hitilafu ninayoiogopa kuliko zote si moto wa injini. Injini ikiwaka moto kila mtu anaamka: mmoja anarusha ndege, mwingine anashika orodha ya ukaguzi. Mimi naogopa balbu.

Usiku wa 29 Desemba 1972, ndege ya abiria aina ya TriStar, ya shirika la Eastern Air Lines la Marekani, ilikuwa inakaribia kutua Miami. Taa ya kijani ya gurudumu la mbele haikuwaka. Marubani wakapanda hadi futi 2,000, wakaiachia ndege otopailoti, yaani mtambo unaoirusha ndege wenyewe, wakaanza kuhangaika na taa ile. Rubani msaidizi akaichomoa, kuirudisha, ikakwama. Mhandisi akashuka chini ya sakafu kuchungulia kama gurudumu limetoka. Katika pilikapilika hizo, inaelekea mtu aliusukuma usukani kidogo na otopailoti ikaacha kushikilia kimo. Ndege ikashuka taratibu mno, hata mwili usihisi. Kengele ya kimo ililia, hakuna aliyeijali. Walikufa watu 101. Gurudumu lilikuwa limeshuka vizuri. Balbu ndizo zilizoungua.

Sisi wa Afrika Mashariki tunayo ya kwetu. KQ507, ndege ya Kenya Airways, ilipaa Douala, Kamerun, usiku wa manane, 5 Mei 2007, ikirudi Nairobi. Muda mfupi baadaye kapteni alitamka "OK, command", yaani otopailoti ishike. Haikushika, na msaidizi wake hakuthibitisha. Kwa karibu dakika nzima hakuna aliyekuwa akiirusha ile Boeing 737, nayo ikawa inalalia kulia kidogo kidogo gizani. Onyo lilipowashtua ilishapita digrii 30, na hatua za taharuki zilizofuata zikaharibu zaidi. Wote 114 walikufa.

Watu husema uzembe. Sikubali. Otopailoti iliyokutii safari elfu inakuzoesha kutoitazama. Hapo ndipo mtu mzuri anapobweteka.

Tangu 1981 Marekani inakataza soga zisizo za kazi chini ya futi 10,000. Iliyochochea sheria hiyo ni ndege aina ya DC-9 iliyoanguka Charlotte mwaka 1974, marubani wakiwa wanapiga gumzo la siasa na magari ya mtumba. Sheria nzuri, lakini isingeiokoa Miami: mazungumzo ya balbu ni ya kazi kabisa!

Kwa hiyo darasani kwangu kubonyeza kitufe hakutoshi. Unasoma neno CMD (command, yaani otopailoti imeshika) la kijani kwenye skrini iliyo mbele yako, unalitamka, mwenzako analiangalia kwa macho yake ndipo aitikie. Akiitikia huku anaandika, tunarudia.

Kisha nawazimia taa ya gurudumu. Wachache husema kabla ya kugusa chochote: "Wewe rusha, mimi nashughulikia taa." Wengine shingo zote mbili zinageukia balbu. Hapo ndipo naivuruga otopailoti kimyakimya, nasubiri, halafu nawauliza tuko futi ngapi.