Makofi ya Koti

Kijana mmoja aliyetaka nimfundishe mazingaombwe ana vidole vyepesi kuliko vyangu. Karata zilipotea mkononi mwake nisione zimepitia wapi. Lakini dakika tatu hazijaisha, nilikuwa nimeshaanza kuwaza mambo yangu. Hakuwa ameniangalia usoni hata mara moja.

Si yeye tu. Januari 1918, Harry Houdini, mwanamazingaombwe mashuhuri, alimpoteza tembo aitwaye Jennie jukwaani, katika ukumbi wa Hippodrome, New York. Tembo mzima! Ila ukumbi ulikuwa mpana kupita kiasi, na waliokaa pembeni hawakuona vizuri ndani ya sanduku alimoingizwa tembo. Shangwe haikufikia ukubwa wa mnyama.

Sasa linganisha na London, 17 Machi 1904. Houdini huyohuyo alivishwa pingu iliyoletwa na gazeti la Daily Mirror kumjaribu, akaingia kwenye kibanda cha pazia. Kujinasua kulimchukua zaidi ya saa nzima, na muda mwingi maelfu ya watu walikuwa wanatazama kitambaa tu. Hawakuondoka, kwa sababu kila baada ya muda alichomoza, jasho likimtiririka. Safari moja aliomba afunguliwe kidogo avue koti. Mtu wa gazeti akakataa. Houdini akachomoa kisu kidogo mfukoni, akakifungua kwa meno, akajigeuzia koti kichwani na kulikatakata vipande. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe, na pingu bado ziko mikononi! Wapo wanaoshuku kwamba pambano lote lilipangwa. Huenda. Kwangu mimi hilo linazidi kuonyesha ufundi: mtu anayejua siri ya pingu anaweza kuzifungua upesi, lakini nani atampigia makofi?

Tembo alikuwa ajabu isiyomhusu mtazamaji. Koti kila mtu analo, na kila mtu anajua joto lake.

Kwa hiyo kijana wangu nimemnyang'anya karata zote, nikamwachia moja. Amwite mtazamaji mmoja, amuulize jina, alitumie, na asimfanye kichekesho (wanaodhalilisha watu jukwaani huwa nawaondokea). Karata ikishatokea, anyamaze sekunde mbili, watu wapate nafasi ya kushangaa. Jina amelimudu. Sekunde mbili bado zinamshinda. Mkono unarudi mfukoni kutafuta karata ambazo ziko kwangu.